Bure Hadi Mwisho wa Juni

Tarehe 4 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama, na kwamba Mama Printa, jirani yako wa kuchapa na kutoa kopi, hajakusomea kwa sauti mbele ya wateja wake.

Hii ni barua ya kwanza kwenye anuani mpya ya barua pepe ya duka lako. Ndiyo, duka la mihuri sasa lina anuani kama kampuni kubwa. Nilikueleza kwenye simu, lakini najua ulikuwa unaitikia "eeh, eeh" huku unatafuta miwani, kwa hiyo narudia polepole. Kampuni yetu hii inakodisha nafasi kwenye kompyuta zake. Mwenye biashara, badala ya kujaza makabati au kutegemea kompyuta yake moja ambayo mwizi anaweza kuibeba kwapani, anaweka kazi zake kwetu: oda, barua, picha, kila kitu. Popote atakapokuwa anafungua na kuvikuta. Wenyewe wanaiita wingu. Sasa hivi kuna majaribio ya bure hadi tarehe thelathini Juni. Baada ya hapo anayetaka ataendelea kwa kulipia, asiyetaka atafungiwa na vitu vyake vitafutwa.

Sasa ombi. Na mimi mwenyewe niko kwenye majaribio, Baba. Mwisho wa Juni hiyo hiyo ndipo nitathibitishwa kazini, ikiwa biashara nilizoandikisha zitaonekana zinaitumia huduma kweli, si kujiandikisha na kulala. Duka lako ndilo la kwanza kwenye orodha yangu. Meneja wetu hasomi ulichoandika, anaona tu kama akaunti ina uhai. Kwa hiyo kila oda ikiingia, nenda hapo jirani kwa Mama Printa akufungulie, uandike mteja ni nani, maneno ya mhuri, umbo lake, na maelezo kidogo. Ni hilo tu.

Unajua nimeitafuta kazi hii kiasi gani tangu niache ile ya kwanza nije kumuuguza Mama. Sijutii hata siku moja. Lakini kuanza moja tena, Baba, sina nguvu hizo.

Binti yako,
Poda


Dukani, tarehe 9 Aprili

Mwanangu Poda,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma mwenyewe. Mama Printa alikuwa anapigana na karatasi iliyokwama kwenye mashine, na maneno aliyokuwa anaiambia siwezi kuyaandika kwenye anuani ya kampuni.

Kwanza nikuulize. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hilo wingu lenu mbona linatembezwa bure mpaka kwa mzee wa mihuri? Mimi tangu nianze kazi hii sijampa mtu mhuri akaujaribu nyumbani. Mhuri ukishapigwa umepigwa. Lakini wewe ni damu yangu, ungeniletea hata gunia la upepo ningelipokea.

Pili, kuhusu kuchapa. Kinachonitesa ni kwamba herufi zenu hazijageuzwa. Maisha yangu yote nimepanga herufi za madini ya risasi zikiwa zimegeuka, moja moja, kwa koleo, nikisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Leo naambiwa nibonyeze tu na inatokea ilivyo. Mwanzoni nilikuwa najihisi kama mtu aliyevaa viatu vya kulia na kushoto kinyume. Sasa nimezoea kidogo, ila bado natafuta herufi ya "w" kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa dukani, kwenye meza ya dirishani. Mama Printa kaleta mashine yake humu ndani, kwa hiyo usinionee huruma kwamba natembea juani. Jua la asubuhi linaingia kama zamani, linapita juu ya meza mpaka kwenye ukuta wa misumari. Misumari yenyewe ipo, ile niliyokuwa naning'iniza mihuri iliyo tayari kuchukuliwa. Harufu ya mpira wa kuunguzwa haijatoka kwenye mbao, na nadhani haitatoka.

Kuhusu kazi yako, lala usingizi. Oda zipo. Nitaliingiza duka zima humo.

Baba yako,
Fundi Mihuri


Tarehe 25 Aprili

Baba,

Shikamoo tena na tena. Umenifanya nitembee ofisini kichwa juu. Leo Meneja ameonyesha kwenye ukuta akaunti zote za majaribio, na zingine zilikuwa tupu kama friji ya mseja. Yako ilikuwa imejaa. Akauliza, "Hili duka la mihuri ni la nani?" Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na nilipokumbuka darasa la kwanza nikacheka peke yangu. Unakumbuka siku mwalimu alipokuita? Nilikuwa nimeandika jina langu lote kinyume, kutoka kulia, na kila herufi imegeuka. Mwalimu akadhani nina matatizo. Wewe ukalitazama daftari, ukamwambia, "Mbona ameandika vizuri sana, mwalimu? Likipigwa kwenye karatasi litasomeka." Mama alikuvuta shati mpaka kifungo kikatoka.

Hapa ofisini kwetu hakuna harufu yoyote. Sakafu inang'aa, mashine zinazobeba hizo kazi zote za watu sijawahi hata kuziona, ziko nchi nyingine huko. Nikichoka nafumba macho. Nakiona kile kikopo cha poda na mimi nimepiga magoti kwenye stuli, napaka poda kwenye kalibu ili mpira usigande, na wewe unasema, "Kidogo, kidogo, hatutengenezi andazi." Halafu ile mashine ya kukandamiza inafungwa, inanguruma, na tunasubiri. Nilikuwa natoka pale mweupe mpaka nyusi. Ndiyo maana mtaa mzima hawajui jina langu mpaka leo.

Mashine bado inanguruma vile vile? Ilikuwa na ule mlio wa kukohoa kabla ya kupata moto.

Binti yako,
Poda


Dukani, tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mlio ule naujua kuliko sauti yangu. Usiniulize kama naukumbuka.

Nikupe habari za oda, maana ndizo unazozitaka. Yule mama wa mkate kaja. Anataka mhuri wa duara, ndani yake jina la kiwanda chake, mtaa, maneno "mkate mtamu wa kila siku", na picha ya mkate katikati. Nikamwambia, mama, duara halina kona za kujificha maneno, chagua moja. Akasema nimpunguzie mkate. Nikapunguza mkate. Akasema sasa unaonekana kama kiatu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe tukabaki na jina na kiatu.

Karani wa kiwanda cha sabuni naye hakosi. Kila akija ana kipande cha sabuni mfukoni cha kunihonga nimtangulize, na mimi namwambia foleni ni foleni, huku naipokea sabuni. Kuna mwalimu mkuu pia, anataka mhuri wa kusema "Amefanya Vizuri" kwa ajili ya madaftari. Nikamuuliza mbona hataki na ule wa "Amefanya Vibaya". Akanijibu kwamba hilo anaweza kuandika kwa mkono, ni kwa jema tu ndipo mkono unachoka.

Zote nimeziandika humo, na maelezo. Mama Printa anasema maelezo yangu ni marefu kuliko oda yenyewe. Nimemwambia mteja si maneno ya mhuri peke yake.

Siku hizi naamka mapema. Nanyoa ndevu. Kuna kazi ya kufanya.

Baba yako,
Fundi Mihuri


Tarehe 19 Mei

Baba,

Keti kwanza ndipo usome. Umeketi? Meneja anataka kuja dukani kwako.

Mwisho wa majaribio kampuni itatoa tangazo, na wanataka kuonyesha biashara moja ndogo ambayo imelitumia wingu vizuri. Wamechagua yako. Watakuja na mpiga picha: wewe kwenye mashine, mikono ina wino, mihuri imening'inia kwenye misumari, na pembeni kompyuta. Meneja amesema maneno ambayo sijawahi kusikia kutoka kwake: "Hapo kazi yako imeshathibitika, labda uvunje mlango."

Tutakuja wiki ya kwanza ya Juni. Niambie siku gani dukani hakuna msongamano. Na Baba, vaa lile shati la kijivu, si lile la mistari linalokufanya uonekane unataka kugombea udiwani.

Nina furaha ambayo siwezi kuificha. Nitakuona.

Poda


Dukani, tarehe 23 Mei

Mwanangu,

Nimefurahi kwa ajili yako. Hilo lishike kwanza.

Ila wiki ya kwanza ya Juni ni ngumu. Paa linavuja upande wa mashine na fundi wa paa ni mtu wa kesho. Pia ukuta unapakwa rangi. Pia nina mafua. Picha ya mzee mwenye mafua haitauza wingu, itauza dawa.

Mwambie Meneja aweke tu hizo oda kwenye tangazo, au apige picha duka jingine. Si una orodha? Kuna yule wa matairi uliyenitajia, ana uso mzuri wa kupigwa picha. Kama ni lazima, waje Julai.

Baba yako,
Fundi Mihuri


Tarehe 2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika hii barua taratibu, na wewe isome taratibu.

Paa linavuja, ukuta unapakwa rangi, na mafua, vyote wiki moja. Nikasema sawa, mzee anaona haya. Nikaamua nichague mwenyewe oda za kuweka kwenye tangazo. Kabla ya hapo sikuwahi kufungua folda zako kuzisoma, nilikuwa naona tu zimejaa na kufurahi.

Baba, kiwanda cha sabuni kilifungwa kabla sijaota meno ya pili. Mama wa mkate alihama na wanawe nikiwa darasa la tatu, tulikwenda kumuaga stendi na akanipa mkate wa safari kana kwamba msafiri ni mimi. Mwalimu mkuu tulimzika. Ulinisimulia habari zao mwezi uliopita na mimi nikacheka, sikujiuliza kitu, kwa sababu nilipenda kuzisikia.

Halafu nikakuta hii. Umeiandika tarehe ishirini na moja Mei. "Mteja: karani wa shule ya chekechea. Umbo: mstatili. Maneno: IMEPOKELEWA. Maelezo: Ana haraka. Amekataa kiti, kisha amekikubali. Amesema atapita Jumatano."

Huyo ni Mama. Alinisimulia habari ya kile kiti, siku mlipokutana, tangu nikiwa mdogo. Mama hawezi kuagiza mhuri Mei hii, Baba. Unalijua hilo? Tafadhali niambie kwamba unalijua.

Nimesoma kuhusu wazee wanaoanza kuishi miaka ya nyuma wakidhani ni leo. Sitaki kulitaja jina la ugonjwa wenyewe. Nimeshaandika barua ya kuomba likizo isiyo na mwisho. Wakinikubalia nitashukuru, wakinikatalia naacha. Kesho kutwa naipeleka kwa Meneja, na Jumamosi niko nyumbani. Usitoke peke yako mpaka nifike.

Mwanao


Tarehe 3 Juni

Poda,

Usiipeleke hiyo barua. Nasema tena, usiipeleke.

Akili yangu ni nzima. Muulize Mama Printa, jana nimemfunga drafti mpaka akaukunja ubao. Najua mama yako amelala wapi, Jumapili nilikwenda kung'oa magugu. Najua mama wa mkate aliondoka na kiwanda kilifungwa. Keti wewe sasa.

Duka nimelifunga tangu Desemba.

Ni mikono. Ilianza kutetemeka kwenye koleo, nashika "a" napata "o". Kisha mashine ikaniunguza, ile bandeji uliyoiona nikakwambia ni chai ya moto. Kisha nikatengeneza mhuri wa zahanati, herufi moja nimeiweka miguu juu, na muuguzi akautumia siku nyingi kabla mtu hajaona. Walicheka wenyewe, hawakuwa na ubaya. Mimi sikuweza kucheka. Mashine nikamwita mnunuzi wa vyuma akaichukua, na chumba kikachukuliwa na Mama Printa, maana kwake palikuwa padogo. Meza ya dirishani akaniachia. Alisema hawezi kuihamisha kwa sababu ni nzito. Si nzito.

Kwa hiyo niliposema niko dukani, nilikuwa dukani. Niliposema misumari ipo, ipo, ananing'iniza nyaya zake. Nilichokuficha ni kwamba duka si langu tena.

Na nilikuficha kwa sababu nakujua. Mama yako alipougua sikumaliza hata sentensi kwenye simu, ulishafunga begi. Ulikaa mpaka tulipomzika, ukakaa tena kwa ajili yangu, na kazi yako ikaenda. Nikaapa sitakuwa sababu ya pili. Halafu wewe ukaandika kwamba akaunti lazima iwe na uhai. Uhai niliokuwa nao ni ule, mwanangu. Sikuwa na mwingine wa kukuwekea.

Usije. Chana hiyo barua, rudi mezani kwako, ufanye kazi.

Baba yako


Tarehe 10 Juni

Baba,

Nimeichana.

Nilisimama mbele ya wenzangu nikawaonyesha duka lako kwenye ukuta, wakapiga makofi. Nilisema, "Huyu ni baba yangu, anafanya kazi kila siku tangu sijazaliwa." Ungeweza kunizuia kwa mstari mmoja.

Leo asubuhi nimemwambia Meneja ukweli wote. Sijui watanifanya nini.

Umesema nisije. Siji.

Poda


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Kimya chako kimekuwa kirefu. Mama Printa amenihakikishia kwamba sanduku la barua halina ubovu na kwamba kosa si la mashine. Alisema hayo akitazama dari, lakini nilijua yananihusu.

Niambie tu walichoamua. Kama ni mimi niliyekuharibia, nitamwandikia Meneja mwenyewe. Najua kuandika barua ya ofisi, nimetengeneza mihuri ya maofisi maisha yangu yote.

Baba yako


Tarehe 22 Juni

Poda,

Leo nimefungua asubuhi, nimefungua mchana, nimefungua Mama Printa akiwa ameshika kufuli mkononi. Kuna barua moja tu, ya kampuni yenu, inanikumbusha kwamba muda wangu wa bure unakaribia kwisha. Imenipa mpaka salamu.

Hata kama ni matusi, andika.

Baba


Tarehe 27 Juni

Baba,

Shikamoo. Matusi sina. Ningekuwa nayo ningeyatuma zamani.

Habari za kazi kwanza. Meneja alipousikia ukweli alicheka, kisha akaagiza orodha zote za ofisi nzima zikaguliwe. Usiseme ni mimi niliyesema, lakini wateja wa wenzangu wengi ni mashemeji. Kuna kampuni ya usafirishaji ambayo ni baiskeli ya mjomba wa mtu. Wangu, ukiondoa wewe, wote ni wa kweli, ila ni wachache. Kwa hiyo hawajanithibitisha na hawajanifukuza. Wameniongezea majaribio mpaka Septemba. Meneja akasema, "Mtu anayenijia mwenyewe na habari mbaya, huyo namtaka, ila aongeze wateja."

Sasa habari yangu mimi. Nilikasirika, Baba, na nimechukua muda kujua nilikasirikia nini. Kazi haikuwa sababu. Ni kwamba tangu nije huku nimekuwa na kile chumba kichwani. Nikichoka, nikionewa, nikila peke yangu, nilikuwa nasema haidhuru, sasa hivi mashine inakohoa, sasa hivi anaipiga kofi ubavuni, sasa hivi inanguruma. Ilikuwa inanitosha. Kumbe tangu Desemba mashine imeshayeyushwa huko, na wewe ulijua ninaisikia ukaniacha niendelee kuisikia. Nimelia kwa ajili ya chuma, fikiria. Mtu mzima, chooni ofisini, analilia chuma.

Juzi wenzangu walipotoka kwenda kula nilibaki nikazisoma oda zako zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Zinaishia kwa Mama. Baada yake hukuandika nyingine.

Tarehe thelathini jioni akaunti inafungwa na kila kilichomo kinafutwa. Nikitaka naweza kuzipakua zikakaa kwangu. Niambie nifanye nini. Na jingine ambalo sijawahi kukuuliza, kwa sababu sisi nyumbani hatuulizani: wewe unataka nini, Baba? Sitaki unachodhani kitanifaa mimi, wala kitakacholinda kazi yangu. Nataka unachotaka wewe. Bila hilo mimi sitakuja wala sitaandika tena, maana nimechoka kusoma barua za Fundi Mihuri.

Nakupenda, hata kwa hasira.

Poda


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama Printa anasema ikifika jioni tutakuta akaunti hii imefungwa, kwa hiyo amewaambia wateja wake wakae nje, mzee ana shughuli. Wapo nje, wananichungulia dirishani. Kuna mmoja anataka kutoa kopi ya kitambulisho na ananikunjia uso.

Oda zipakue ukipenda, zisome ukipenda. Mimi sizihitaji. Nilianza kwa ajili yako, hilo ni kweli. Niliandika ya kwanza nikasema nitaweka mbili tatu ili akaunti isife. Lakini nilipomwandika mama wa mkate, kesho yake niliamka nikijua nani anakuja dukani leo. Muda mrefu sikuwa nimeamka hivyo. Wakawa wanakuja mmoja mmoja, kwa zamu zao, na kila mmoja nilimpa kiti. Mpaka siku hiyo akaja mama yako. Ulikuwa na haki ya kuogopa, maana nilipomaliza kuandika kwamba atapita Jumatano, nilikaa hapa nikamsubiri. Nilijua haji. Nilimsubiri tu. Baada yake sikutaka mteja mwingine aingie.

Pole kwa mashine. Ningekuita uje uiage. Sikuwaza kwamba na wewe ilikuwa yako.

Umeniuliza ninataka nini. Nimekaa na swali lako siku zote tatu. Mwanzo nilitaka kukujibu kwamba nataka uthibitishwe kazini, nikaona hilo ndilo umelikataza. Nikatafuta jingine, nikakuta kwamba kila jambo ninaloliweza kulisema haraka ni la uongo.

Ukweli ni huu. Nakula nimesimama. Nikiketi mezani naona viti. Nalala ukingoni mwa kitanda kana kwamba mama yako atakuja anisogeze. Jioni nazungumza na redio, na redio ikisema jambo la kijinga nageuka nimwambie mtu, na hakuna mtu. Zile wiki mbili uliponinyamazia niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ule mkono kutetemeka. Nimekuambia usije mara ngapi? Kila nilipoliandika nilijiona mwanaume. Ni neno la mpumbavu.

Sikuiti uhame. Ukija na begi kubwa nitalirudisha stendi mwenyewe. Septemba yako ipo pale pale na mimi nitakusumbua uongeze wateja. Nataka uje siku za mapumziko, ukae upande ule wa meza, uniambie habari za ofisi yako nizibishie, ulale, ule, unikasirikie uso kwa uso. Kisha urudi kazini. Kisha mwezi mwingine uje tena.

Mashine hii ina ubaya mmoja. Neno nimeliandika tangu asubuhi, nikalifuta, nikaliandika, nikalifuta, na karatasi inabaki safi kana kwamba sikusema kitu. Sasa namwambia Mama Printa anionyeshe pa kubonyeza, ili litoke kabla sijalifuta tena.

Njoo, mwanangu.

Baba yako